Kupanda Lushoto na baiskeli: ujue mto kwanza, ramani baadae

Mtu akitaka kupanda Lushoto, kule juu milima ya Usambara mkoani Tanga, na baiskeli swali la kwanza ni kilomita ngapi. Jibu rahisi tu, Mombo mpaka Lushoto mjini ni kilomita 33 na lami ipo mwanzo mwisho. Ila hiyo namba haikwambii kitu aisee, maana kilomita 33 za kutoka Mombo kurudi uelekeo wa Korogwe unakanyaga huku mnapiga stori na mwenzio, ila hizi za kupanda kuna sehemu mtu anakusalimia unaishia kumpungia mkono, pumzi ya kuitikia huna. Unatoka mita mia nne na kitu za Mombo toka usawa wa bahari unaenda kwenye karibu 1,400 za Lushoto, yani karibu mita elfu moja za kwenda juu tu. Mi nimeendesha sana ule upande, na mabonde yake, na vilima vyake vya pembeni ambavyo watu wa kwenye mabasi hawavijui, na kitu kilichonisaidia kuliko ramani ya kwenye simu ni kuujua mto. Uko upande gani wa barabara, umetulia au unaporomoka, unatokea wapi na unaenda kumwaga wapi. Ukishayajua hayo njia unaanza kuielewa kabla hujaiona.

Anzia chini. Bonde lote lile ni la mto Pangani na watoto wake. Pangani wenyewe maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, unashuka mpaka baharini pale Pangani mjini, na njiani unapokea Mkomazi unaopita chini ya milima ya Pare na Usambara, halafu maeneo ya Korogwe unapokea na Luengera. Sasa barabara kuu ya Korogwe kwenda Same inakaa humo humo bondeni, mlima uko kulia kwako muda wote kama ukuta, kushoto mashamba ya mkonge na mbuga. Reli ya Tanga nayo ilifuata bonde, ilifika Mombo mwaka 1905 na wala haikujaribu kupanda, ikanyoosha na bonde mpaka Moshi. Mbao za msitu wa Shume wajerumani walikua wanazishusha kwa waya mpaka Mkumbara huku chini. Wale walishausoma mlima wakaona pa kupita treni hapapo. Barabara ya kwenda Lushoto yenyewe imepita pale kwa sababu moja tu, kuna mto umechimba korongo kutoka Soni mpaka Mombo, basi barabara ikajibanza humo humo na mto.

Kile kipande cha bondeni, Korogwe Mombo kama kilomita 40 hivi, watu wanakidharau sababu ni tambarare. Mi nakiheshimu kuliko hata mlima. Kwanza joto, ikifika saa nne asubuhi lami inarudisha moto usoni na vivuli ni vya kuhesabu, mkonge hauna kivuli. Pili mabasi. Ile ndo njia ya Dar kwenda Moshi na Arusha, mabasi yana ratiba na madereva wana haraka, na basi likipita karibu wimbi lake la upepo linakusukuma nje halafu linakuvuta ndani, usukani ukiushika kilegevu unayumba. Nilichozoea ni kukaa ndani kidogo ya mstari wa pembeni, sio juu ya mstari kabisa, ili nikisikia honi niwe na nafasi ya kusogea. Ukikaa pembezoni kabisa unakua huna pa kukimbilia zaidi ya kwenye kokoto. Na kioo kidogo cha kufunga kwenye usukani ni kitu cha hela ndogo sana ila bondeni kule nakiona kina thamani kuliko matairi ya bei mbaya.

Tatu upepo, na hapa ndo mtu wa pwani ana faida maana kusi na kaskazi anazijua toka utoto. Kusi ikiwa inavuma, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, upepo unatoka baharini unaingia bondeni unateleza chini ya milima kuelekea Same. Ukitoka Korogwe kwenda Mombo, Mkomazi, Hedaru, Makanya, unasukumwa mgongoni, unafika Same huamini. Ukigeuza miezi hiyo hiyo kutoka Same kurudi Korogwe, utateseka, tena mchana ndo unazidi. Kwa hiyo safari za bondeni mimi napanga kwa msimu wa upepo kwanza ndo naangalia mambo mengine, na kurudi kama ni kinyume napakia baiskeli kwenye basi bila aibu yoyote.

Haya, Mombo. Lala Mombo. Usiunganishe bonde na mlima siku moja kama ndo unaanza kwenda kule, lala pale, kula wali maharage mapema, asubuhi saa kumi na mbili uwe barabarani. Kuna sababu ya kuondoka saa hiyo ambayo niliigundua kwa kupita saa tofauti tofauti, jua linachomoza nyuma ya mlima, kwa hiyo korongo lote kuelekea Soni asubuhi liko kivulini, mlima wenyewe ndo unakukinga. Ukichelewa mpaka saa tatu nne kivuli kimeisha na umebaki na ukuta wa mawe unaorudisha joto. Baiskeli ile ile, miguu ile ile, ila ukitoka mapema unafika Soni unacheka.

Kabla ya kupanda huwa napita kwa fundi pale Mombo, mzee mmoja anakaa chini ya mwarobaini na kiboksi chake cha spana. Baiskeli zake nyingi ni Phoenix za kubebea mpunga na kuni, hizi zetu za gia nyingi zinakuja kwake mara moja moja, ila nakwambia mzee anajua. Haanzi na breki wala cheni. Anaipindua baiskeli, anazungusha ringi la nyuma taratibu, halafu anapitisha kucha kwenye spoku moja moja huku ameinamisha sikio, ting, ting, ting, akifika kwenye iliyolegea mlio unabadilika na yeye anasimama hapo hapo. Siku moja akaniambia kijana hizi mbili zimelegea, juu utapanda salama tu ila kushuka ringi litacheza. Nikamwambia shikamoo mzee wangu maana salamu nilikua nimeipitiliza kwa haraka, akacheka akasema marahaba, kaza breki zako pia. Toka siku hiyo spoku zangu nazikagua kwa kucha na sikio, na nimewafundisha wengine.

Mlima wenyewe sasa. Toka njia panda ya Mombo unaenda kidogo tu na mji, halafu barabara inaingia korongoni na hairudi nyuma tena mpaka Soni. Wastani wake sio mkali wa kutisha, ni kama asilimia nne tano hivi, ila wastani ni maneno ya kwenye karatasi, kuna vipande vimelala unapumua na kuna vipande vimesimama. Na hapa ndo sikio linafanya kazi. Mto uko chini pembeni yako na mara nyingi huuoni sababu ya miti na magema, ila unausikia. Ukiusikia umetulia, maji yanapita kimya, basi na barabara hapo imelala, tumia nafasi hiyo kunywa na kula. Ukisikia unaanza kunguruma jua mbele kuna mwinuko, maana mto ukiporomoka barabara iliyo pembeni yake nayo lazima ipande sehemu hiyo hiyo, hakuna ujanja. Weka gia nyepesi kabla, usisubiri mpaka miguu imekwama ndo unahangaika kubadili, cheni inalia na inaweza kutoka. Mi nimekua nikipanda kwa kusikiliza hivyo mpaka nikienda mlima mwingine usio na mto nahisi kuna kitu hakipo.

Gia ni kitu ambacho vijana wanajidanganya nacho. Wanaangalia baiskeli za mashindano wanaona mtu ana sahani kubwa mbele wanataka na wao. Kwa milima ile mbele meno 34 na nyuma meno 32 ndo amani ya roho, na kama unabeba mzigo tafuta nyepesi zaidi ya hapo. Ukiwa na gia nyepesi unakaa kwenye kiti, unazungusha miguu, unafika. Ukiwa na gia nzito unasimama kila kona, magoti yanaanza kuuma Soni, na Soni ni nusu ya safari.

Chakula hakihitaji vitu vya pakiti vya kutoka nje. Kashata za karanga, tende, ndizi mbivu, na paketi ya ORS ya duka la dawa kwenye chupa moja kati ya mbili, basi. Kashata ni sukari na karanga, haiyeyuki mfukoni kama chokoleti, na bei yake kila mtu anaimudu. Kula kila baada ya nusu saa hata kama husikii njaa, maana huko juu hewa inapoa na ubaridi unamfanya mtu asahau kunywa, ila jasho linatoka vile vile linakaushwa tu na upepo.

Soni yenyewe iko pale maporomoko yalipo, na ukiyaangalia utaelewa mpangilio wote wa safari. Yale maporomoko ndo ngazi ya bonde. Chini yake ni korongo, juu yake bonde linafunguka, mto unatulia, na kuanzia Soni mpaka Lushoto barabara inapita kwenye bonde la mbogamboga, kabichi, karoti, viazi, matuta yamepanda mpaka juu kwenye mikaratusi. Bado unapanda ila ni kupanda kwa kistaarabu. Kunywa chai pale Soni, kula chapati mbili, vaa kitu cha mikono mirefu kama kuna ukungu. Msimu wa matunda, Desemba Januari hivi, watoto wanapanga mapichesi na plamsi barabarani kwenye vindoo, nunua kwao, simama uongee nao, wanaijua barabara kila shimo.

Kuna kitu kuhusu watu wa barabarani nataka kukiongelea kwa kirefu kidogo maana wapanda baiskeli wengi tunakiruka. Ile barabara ni ya wenye mizigo kabla ya kua yetu. Mama ana furushi la kuni au beseni la ndizi kichwani, anapanda pembeni ya lami, wewe unatokea nyuma yake. Ukipiga kengele ghafla au ukapiga kelele "pembeni!" unamweka pabaya sana, kwa sababu mtu mwenye mzigo kichwani shingo haigeuki, akitaka kukuangalia lazima ageuke mwili mzima, na akigeuka mwili mzima anaingia barabarani mbele yako. Nilijifunza kwa kuwaangalia waendesha Phoenix wa kule, wao hawapigi kengele, wanaanza kusalimia kwa mbali, shikamoo mama, kwa sauti ya kawaida, mama anaitikia marahaba bila kugeuka, kwa ile sauti ameshajua uko upande gani, anabaki kwenye mstari wake na wewe unapita. Salamu moja inafanya kazi ya heshima na kazi ya usalama. Sasa hivi nikiwa na wageni wa kutoka Dar hilo ndo nawaambia kwanza kabla ya mambo ya gia.

Ukifika Lushoto na miguu bado ipo, endelea mpaka Magamba. Ni fupi ila ni kali kuliko yote ya nyuma, unaingia msituni, hewa inakua baridi kabisa. Na Magamba kuna jambo ambalo mi linanifurahisha kila nikipita, pale maji yanagawana. Mvua inayonyesha upande wa Lushoto inashuka Soni, Mombo, inaingia Pangani. Inayonyesha upande wa Mlalo ni ya mto Umba, na Umba unaenda kutokea baharini kule mpakani na Kenya, upande wa Vanga. Kwa mpanda baiskeli maana yake ni hii, ukivuka pale ukashuka kuelekea Mlalo umebadilisha bonde, mto uliokua unakuongoza umeuacha, na kila mita utakayoshuka kule utailipa wakati wa kurudi. Wengi wanashuka kwa raha halafu saa tisa mchana wako chini kule wanaangalia mlima. Mlalo ni pazuri mno, nenda, ila nenda kulala.

Sasa kushuka, na hapa naomba mtu asome taratibu. Kupanda mlima kutakuchosha tu, hatari iko kwenye kushuka. Kuna jamaa tulikua nae, baiskeli nzuri sana, ringi za kaboni na breki za mpira za kubana ringi, ametoka Soni kushuka Mombo amekamata breki muda wote hajaachia, mwendo wenyewe wala sio mkali. Nilikua nyuma yake nikaanza kusikia harufu ya mpira unaoungua. Nikamwita, hajasikia kwa upepo. Kona mbili mbele tairi la mbele likapasuka, tyubu ilishindwa na joto. Bahati ilikua upande wa mlimani sio upande wa korongo, akaegemea gema akasimama, amechubuka kiwiko basi. Ringi lilikua la moto huwezi kulishika. Tulikaa pale mpaka likapoa lenyewe, maji hatukumwagia maana kaboni ya moto ukiimwagia maji baridi unaweza kuiharibu kabisa.

Kwa hiyo breki ni bana, achia, bana, achia. Bana kwa nguvu kabla ya kona ukiwa bado umenyooka, ndani ya kona achia, macho yaangalie unakotaka kutokea sio ukingo unaouogopa. Mikono iwe chini kwenye pembe za usukani, ukitegemea zile za juu vidole vinachoka kabla hujafika nusu. Breki za disk ni nzuri zaidi kwa mlima kama ule, hilo sina ubishi nalo, ila nazo zinapata moto, na mwenye breki za kawaida kwenye ringi za alumini akiwa na mpira mzuri anashuka salama tu. Kabla ya kutoka Lushoto nunua gazeti, likunje weka kifuani ndani ya jezi, upepo wa kushuka hautakupiga kifua, ni mbinu ya zamani ya waendesha baiskeli na inafanya kazi kuliko unavyodhani.

Halafu Fuso. Mboga za Lushoto zinaenda Dar, na magari yake yanapakia mchana yanashuka jioni kuingia usiku. Dereva mzuri anashuka na gia ndogo, pole pole, utingo ana kabari karibu. Ukiwa nyuma yake ukasikia harufu ya lininga za breki, kaa mbali, mpe nafasi kubwa, usiwe na haraka ya kumpita na usijaribu kumpita kwenye kona hata kama barabara unaiona nyeupe. Mi nashuka asubuhi au mapema mchana, saa tisa nikiwa bado juu nalala juu. Wakati wa masika usishuke kabisa siku ambayo mvua imenyesha usiku, mawe yanaanguka toka kwenye magema na mitaro inamwaga tope na changarawe kwenye lami, mara nyingi kwenye kona kabisa, pale pale ambapo tairi inahitaji kushika.

Ukishaizoea hiyo njia kuu kuna mbili zingine za kujaribu, zote zilikua za vumbi nilipopita, kwa hiyo weka tairi pana kidogo na upepo upunguze. Moja ni kutoka Soni kwenda Bumbuli, mashamba ya chai, vilima vya kupanda na kushuka bila kupumzika, nilipopita mimi ilikua mawe na vumbi sehemu kubwa ila mandhari yake mtu asikusimulie. Nyingine ni bonde la Luengera, unatoka Korogwe unaelekea Magoma na Mashewa, una Usambara ya magharibi kushoto na Usambara ya mashariki kulia, wewe uko katikati na mto. Hii ni tambarare, nzuri kwa anayeanza au kwa mtu na mtoto wake, ila tumia asubuhi tu na beba maji ya kutosha.

Mwaka 2025 Kigali walipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza Afrika, na dunia nzima ikaangalia vilima vya jirani zetu. Nilifurahi kweli, na nikawaza hivi sisi na Soni yetu, na Bumbuli, na lile korongo, tunasubiri nini. Vijana wa Mombo wanaopandisha Phoenix na gunia la mpunga wana miguu ambayo sijaiona kwenye klabu yoyote ya mjini. Wanachokosa ni baiskeli yenye gia na mtu wa kuwaambia kuna mashindano. Kama una baiskeli ya zamani imelala stoo, ringi 700 au 26 yoyote ile, ipakie kwenye basi la Lushoto, shuka nayo Mombo, muulizie fundi wa chini ya mwarobaini. Atakwambia nani anaihitaji, na spoku atazikaza kabla hajamkabidhi.